Ladha ya mtaani, chupa ya nani? Funzo kutoka soda za India

JUA la Mei linapopanda mjini Delhi, muuza banta hana haja ya kupiga kelele. Chupa zake za kioo kizito zimezibwa kwa gololi. Akiisukuma ndani, gesi hupasuka, na mlio huo hutosha kuita wateja. Ndani mna soda, maji ya limau na chumvi nyeusi. Mteja hunywa papo hapo, kwani chupa lazima irudi kiwandani.

Kinywaji hicho cha bei nafuu kimeishi miongo mingi kando ya soda kubwa za dunia. Ushindani wao una funzo kwa kila anayevusha kreti za soda au katoni za juisi mpakani: ladha humvuta mteja, lakini soko hushikwa na mwenye chupa, usafiri na bei.

Mwaka 1977 Coca-Cola iliondoka India. Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1973 iliitaka ipunguze hisa zake hadi asilimia 40, na Waziri wa Viwanda, George Fernandes, hakulegeza kamba. Kampuni haikuwa tayari kutoa siri ya mchanganyiko wake, ikafungasha virago.

Serikali ilijaribu kuziba pengo kwa soda iitwayo Double Seven, iliyotengenezwa na kampuni ya umma ya Modern Food Industries. Haikudumu. Kampuni ya Pure Drinks, iliyokuwa ikiijazia Coca-Cola chupa, ilitoa Campa Cola, kwa kuwa mitambo na njia za kusambaza ilikuwa nazo tayari. Nao ndugu wa familia ya Chauhan, wenye kampuni ya Parle, walileta Thums Up, soda kali kooni kuliko Coca-Cola, ikawa kinara wa soko.

Coca-Cola iliporejea mwaka 1993, Thums Up ilikuwa bado inaongoza. Hata hivyo, Parle ilikuwa na udhaifu usioonekana dukani: viwanda vingi vilivyojaza soda zake vilikuwa mali ya washirika, ambao wangeweza kuhamia kwa mgeni mwenye mtaji. Mwaka huohuo Ramesh Chauhan aliuza Thums Up, Limca, Gold Spot na Maaza kwa takriban dola milioni 60. Mwaka 2021 mauzo ya Thums Up peke yake yalifikia dola bilioni moja. Ladha ilibaki ya Wahindi, faida ikabadili mwenyewe.

Vinywaji vya asili navyo vimeingia kiwandani. Aam panna ni embe bichi lililochemshwa, likatiwa bizari nyembamba na chumvi nyeusi. Jaljeera ni maji ya bizari hiyo yenye nanaa na ukali wa ukwaju au unga wa embe bichi. Kwa miaka mingi vilikuwa vya nyumbani na vya mtaani, hadi kampuni ya Hector Beverages ilipoviweka katika pakiti za Paper Boat mwaka 2013. Huko Punjab, Lahori Zeera ikatia bizari kwenye soda na kuuza chupa ndogo kwa rupia 10.

Bei hiyo ndiyo uwanja wa vita sasa. Reliance, yenye maduka na mtandao wake wa usambazaji, ilinunua jina la Campa mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikarudisha soda hiyo sokoni katika chupa ya mililita 200 kwa rupia 10.

Ukwaju, embe, limau na mtindi havikosekani katika masoko ya Afrika Mashariki. Mfumo Rahisi wa Biashara wa Jumuiya umewekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000, wenye bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia bila ushuru wa forodha. Kodi za ndani na masharti ya ubora hubaki palepale.

Kwa hiyo, anayetaka kuuza juisi ya ukwaju ng'ambo ya mpaka asiishie kuuliza kama ni tamu. Aulize pia chupa ni ya nani, nani anaifikisha kibandani, na muuzaji wa mwisho anabakiwa na shilingi ngapi.