Ajali ya Pikipiki: Hatua Zinazolinda Uhai na Haki Yako ya Fidia

Mkazi wa Ndalambo, wilayani Momba, anayekwenda Tunduma kuuza mazao au kumtazama mgonjwa, mara nyingi husafiri kwa bodaboda. Ajali inapotokea, jambo la kwanza ni kuokoa uhai. Jambo la pili, ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kuchelewa, ni kuhifadhi ushahidi. Bima hailipi fidia kwa huruma, bali kwa kumbukumbu zilizoandikwa.

Tuchukue mfano. Gari linaigonga pikipiki kwa nyuma na abiria anaumia mguu. Mwenye gari anatoa shilingi 200,000, inaandikwa karatasi kwamba "mambo yameisha", kisha anaondoka. Wiki mbili baadaye daktari anaeleza kuwa mfupa umevunjika na upasuaji unahitajika. Fedha zimekwisha, namba ya gari haikuandikwa na polisi hawana taarifa. Abiria huyo alikuwa na haki ya kudai fidia. Alichokosa ni uthibitisho. Hatua zifuatazo zitakuepusha na hali hiyo.

Mahali pa ajali

Waonye wanaokuja barabarani ili ajali nyingine isitokee. Jeraha linalotoa damu nyingi likandamizwe kwa kitambaa safi. Majeruhi wa shingo, kichwa au mgongo asivutwe wala kuvuliwa kofia ngumu kwa haraka, isipokuwa pumzi imeziba au pana hatari ya moto. Asipakiwe kwenye pikipiki nyingine. Atafutiwe chombo anachoweza kulazwa. Piga simu ya dharura 112.

Wewe au mtu unayemwamini aandike namba za usajili za vyombo vyote, majina na simu za madereva, na simu za mashahidi wawili au watatu. Pigeni picha kabla vyombo havijaondolewa, zikionesha vilipolala na alama zilizobaki barabarani.

Kituo cha polisi

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika katika ajali kusimama, kusaidia majeruhi na kutoa taarifa polisi. Majeruhi naye, au ndugu yake, ahakikishe kuwa taarifa imeandikwa na achukue namba ya jalada. Aombe fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Hata hivyo, aliye katika hatari ya kufa apelekwe hospitali kwanza. Ndugu wafuatilie fomu.

Upelelezi ukikamilika, omba taarifa ya polisi kuhusu ajali, yaani PF90, pamoja na mchoro wa eneo la ajali. Dereva akishtakiwa, nakala ya hukumu nayo itahitajika.

Hospitali

Tunza kila stakabadhi: ya dawa, ya vipimo, ya kitanda na ya nauli ya kufuata matibabu. Ukipewa rufaa, kwa mfano kwenda Vwawa au Mbeya, hifadhi barua ya rufaa. Eleza maumivu yote, hata yanayoonekana madogo, ili yaandikwe.

Nani hulipwa na bima

Bima ndogo, ambayo ni ya lazima kwa kila chombo cha moto, hulipa madhara aliyosababishiwa mtu wa tatu. Ikiwa kosa ni la dereva wa gari, mwendesha bodaboda na abiria wake wote wawili hudai kwa kampuni ya bima ya gari hilo. Ikiwa kosa ni la mwendesha bodaboda, abiria hudai kwa bima ya pikipiki. Mwendesha bodaboda mwenye kosa halipwi na bima ndogo kwa majeraha yake mwenyewe. Kinga hiyo hukatiwa kando.

Mmiliki wa bodaboda ahakikishe kuwa bima yake ni ya biashara ya kubeba abiria, si ya matumizi binafsi, kwani tofauti hiyo inaweza kuzuia malipo. Uhalali wa bima huhakikiwa katika mfumo wa TIRA-MIS kwa namba ya usajili wa chombo.

Gari kutoka nje ya nchi

Kwa kuwa Tunduma ni lango la kwenda Zambia, chombo kilichohusika kinaweza kuwa cha kigeni. Usikate tamaa. Dai kuona Kadi ya Njano ya COMESA na uandike namba yake, tarehe za uhalali na jina la kampuni iliyoitoa. Madai hushughulikiwa hapa nchini kupitia Shirika la Bima la Taifa (NIC), ambalo ni ofisi ya mpango huo Tanzania.

Kuhusu mapatano

Kusaidiwa fedha za matibabu si kosa, na upokeaji wake uandikwe. Lakini usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi inayosema huna madai zaidi kabla daktari hajaeleza hali yako yote. Vilevile, usikabidhi nyaraka halisi kwa mtu anayejitolea "kukufuatilia" bila kubaki na nakala.

Madai yakikwama

Wasilisha madai kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kampuni ikikataa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka lalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), yenye ofisi ya kanda jijini Mbeya, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukiamua kwenda mahakamani, kumbuka kuwa muda wa kufungua shauri la madhara ya aina hii ni miaka 3. Pale majeruhi alipofariki, familia iteue mapema msimamizi wa mirathi, athibitishwe na mahakama, ndipo afuatilie fidia.

Kabla ya kupanda bodaboda, itazame namba yake ya usajili na umtumie ndugu yako kwa ujumbe wa simu. Huenda isihitajike kamwe. Ikihitajika, hakuna kitakachoziba nafasi yake.