Sura ya Saba: Gia Moja kwa Bei ya Kijiweni

Karibu kila anayeniletea baiskeli ya resi kuukuu, zile za miaka ya 1970 na 1980 zinazoshuka na mitumba, ana wazo lilelile: toa gia, kata mnyororo, panda. Anadhani kazi ni ya kupunguza tu. Akiwa kijana wa mjini ataongeza kwamba gia moja ni nyepesi, kwa hiyo ina kasi. Huo uzito unaoondoka ni vyuma vichache na waya. Atakayebeba lita moja ya maji ameurudisha karibu wote. Faida ya kweli iko kwingine: hakuna cha kurekebisha kila wiki, na vipuri vipo kila kijiwe cha fundi, kwa sababu Phoenix na BMX za watoto zimekuwa zikitumia gia moja siku zote.

Nilipanga sura hii iwe na mambo matatu: mnyororo, friwili na breki. Tuone kama tutafika.

Kosa kubwa kwanza. Mtu anafungua kile kidude cha kubadilishia gia kinachoning'inia nyuma, anafupisha mnyororo, anaupitisha kwenye gia ya katikati miongoni mwa zile tano au sita, anaondoka. Hafiki mbali. Gia hizo zimepangwa karibu karibu ili mnyororo uhame kirahisi. Ukivutwa upande kidogo tu, unapanda gia kubwa ya jirani, na kwa kuwa urefu wake ulipimwa kwa gia ndogo, unakaza mpaka gurudumu linagoma. Ama mnyororo utakatika, ama ekseli itapinda. Baiskeli ndiyo itakayochagua.

Dawa ni kufungua friwili yote ya zamani na kufunga ya gia moja. Uzi wa friwili ya BMX ni uleule wa resi nyingi za zamani, isipokuwa baadhi za Kifaransa. Ifungue kwa kifaa chake, gurudumu likiwa bado na spoku zote. Anayeigonga kwa tindo na nyundo anajitafutia kununua habu.

Sasa mstari wa mnyororo, ambao mafundi wengi huupima kwa jicho. Jicho linadanganya. Chukua rula. Mbele, pima kutoka katikati ya bomba la kiti hadi katikati ya meno ya sproketi. Nyuma, pima kutoka katikati ya meno ya friwili hadi uso wa ndani wa fremu pale ekseli inaposhikwa, kisha toa kipimo hicho kwenye nusu ya nafasi ya gurudumu. Resi ya gia sita kwa kawaida ina nafasi ya milimita 126, nusu yake 63. Ukipata 21, mstari wa nyuma ni 42. Mbele na nyuma zikipishana zaidi ya milimita mbili hivi, mnyororo utaanza kusaga na kula meno.

Krenki za miaka hiyo nyingi zina sproketi mbili, ya meno 52 na ya 42. Ya ndani hukaa kama milimita 41 kutoka katikati, ya nje kama 46. Inayofaa ni hiyo ndogo ya ndani, na kila kijana anaitaka kubwa kwa sababu inapendeza machoni. Meno 52 mbele na 16 nyuma ni karibu mita 6.8 kwa kila mzunguko wa pedeli. Jaribu kuondoka nayo kwenye mataa ukiwa na mzigo. Kwa 42 na 16 unapata mita 5.5, na kwa 42 na 18 unapata 4.9, ambayo ndiyo ya mkazi wa Mwanza au Kampala. Ukitoa sproketi ya nje, bolti zitakuwa ndefu, kwa hiyo weka washa. Kama mstari wa nyuma bado haujakaa, hamisha washa za ekseli kutoka upande mmoja kwenda wa pili, halafu rudisha ringi katikati kwa kukaza spoku za huku na kulegeza za kule. Gharama yake ni jioni moja.

Halafu kuna wanaochomelea friwili ili pedeli zizunguke muda wote, kisha wanatupa breki, eti ndivyo wanavyoendesha wapeleka vifurushi wa New York. Habu za namna hiyo zina uzi wa pili unaokwenda kinyume, na ringi ya kufungia juu yake. Habu yako haina. Ukikanyaga kwa nyuma kupunguza mwendo, friwili yenyewe inafunguka, na hapo huna kitu. Acha breki zote mbili.

Wengine husema gia moja ndiyo baiskeli halisi, kwamba mashujaa wa Tour de France walipanda milima bila gia. Hapa ndipo mpango wangu huharibika, maana kisa hiki nakipenda mno. Mashindano hayo, yaliyoanza 1903, yaliwanyima washindani wakubwa vidude vya kubadilishia gia hadi 1937, na mwanzilishi wake, Henri Desgrange, alikuwa mpinzani wa vidude hivyo. Lakini gurudumu la nyuma lilikuwa na gia upande huu na nyingine upande ule: ndogo ya tambarare, kubwa ya mlima. Mtu akifika chini ya mlima anashuka, analegeza ekseli, anageuza gurudumu, anavuta mnyororo, anakaza, anapanda tena. Mwaka 1937 vidude viliporuhusiwa, Roger Lapébie alishinda akitumia kimoja. Gia moja ilikuwa amri, haikuwa imani.

Kilichowezesha kugeuza vile ni mianya ya ekseli iliyolala, ambamo gurudumu husogea mbele na nyuma. Resi yako ya zamani inayo, na hiyo ndiyo inayokuokolea pesa. Mnyororo hupunguzwa kwa jozi ya viungo, milimita 25.4, na gurudumu husogea nusu yake, 12.7; kinachobaki unakimaliza kwa kuvuta. Zungusha krenki polepole utafute mahali mnyororo unapokaza zaidi, kwa kuwa sproketi hazina duara kamili, kisha hapo uache ucheze kama sentimita moja. Kaza nati ya upande wa mnyororo kwanza, nyoosha gurudumu, kaza ya pili.

Fremu za alumini za siku hizi nyingi zina mianya iliyosimama wima. Gurudumu halisogei hata kidogo. Utauziwa mkono wenye springi wa kukazia mnyororo, ambao ni kile kidude ulichokitoa, kimerudi bila faida yake. Fremu ya namna hiyo iache na gia zake.