Debe Tupu na Nasaha za Mzee

Majuzi nilialikwa arusini katika ukumbi mmoja hapa jijini. Ulipofika wakati wa nasaha, baba wa bibi arusi akashika maikrofoni. Sisi tuliokaa nyuma tulisikia kila neno mara mbili, kama mtu anayesemea kisimani. Waliokaa mbele waliziba masikio. Kijana wa mitambo alipoona watu wanaulizana, "Amesema nini?", akaongeza sauti. Mtambo ukapiga yowe, spika moja ikatoa harufu ya kuungua, na mzee akaketi kabla hajamaliza. Nasaha za namna hiyo hutolewa mara moja tu.

Cha kusikitisha ni kwamba vifaa vya ukumbi ule si duni. Katika kabati la mitambo mlikuwa na prosesa ya spika, yaani kompyuta ndogo ya kuongoza sauti. Ilinunuliwa kwa fedha nyingi, ikachomekwa, ikaachwa kama ilivyotoka dukani.

Je, chombo hiki hufanya kazi gani? Hukaa kati ya miksa na amplifaya. Sauti ikiingia, hugeuzwa kuwa tarakimu, mara nyingi kwa kupimwa mara 48,000 kila sekunde. Hufanyiwa hesabu, kisha hurudishwa kuwa umeme wa kwenda kwenye amplifaya. Lakini prosesa haina masikio. Hutenda ilivyoagizwa tu, na hapana budi mwenye kuiagiza awe mtu anayejua.

Kwanza ni kugawa kazi. Sauti nzito sana, zenye mitetemo isiyofika 100 kwa sekunde, hupelekwa kwenye sabufa. Zile nyembamba, za kuanzia mitetemo elfu mbili hivi, huenda kwenye twita. Fundi mwangalifu huanza amplifaya zikiwa zimezimwa, akahakikisha kila waya uko mahali pake, kisha hujaribu spika moja moja kwa sauti ya chini. Besi ikipelekwa kwenye twita kwa makosa, twita huweza kuungua.

Pili ni kuchelewesha, na hapa ndipo arusi ile ilipoharibikia. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Umeme katika waya hufika papo hapo. Spika ya katikati ya ukumbi ikiwa mita 17 kutoka zile za jukwaani, yenyewe hutangulia kusema, na sauti ya jukwaani huifuata baada ya milisekunde 50, yaani sehemu ya ishirini ya sekunde. Ndiyo maana tulisikia maneno mawili mawili. Dawa yake ni kuiagiza prosesa iicheleweshe spika ya katikati kwa milisekunde hizo 50, na kuongeza kama 10 au 15. Mwaka 1949 mtafiti wa Kijerumani, Helmut Haas, alieleza kuwa sikio huifuata sauti iliyotangulia. Kwa nyongeza hiyo ndogo, msikilizaji wa nyuma huona kana kwamba mzee anasema naye kutoka jukwaani.

Tatu ni kurekebisha ladha ya sauti. Kanuni ni kupunguza kabla ya kuongeza. Tafuta ule mlio unaopiga yowe, uupunguze huo peke yake, usiguse mingine. Kisha tembea ukumbi mzima, hata pale karibu na mlango wa jikoni, ukisikiliza mtu anayezungumza, si muziki peke yake.

Nne ni kuweka kizuizi, ambacho mafundi hukiita limita, kulingana na uwezo wa spika ulioandikwa na mtengenezaji. Sikio lione sauti imeongezeka mara mbili, amplifaya hutakiwa kutoa nguvu mara 10 hivi. Kwa hiyo yule kijana anayesukuma kitufe juu kidogo tu anaweza kuwa anaiua spika. Aidha, limita haiwezi kuiponya sauti iliyokwisha kukwaruza tangu kwenye miksa. Miksa nayo ichungwe.

Kazi ikiisha, hifadhi mpangilio, uandike pia katika daftari, kisha funga kwa namba ya siri. Asiyehusika abaki na kitufe kimoja tu cha kupandisha na kushusha.

Ndugu msikilizaji, wenye kumbi na wenye nyumba za ibada huchangisha fedha za vifaa, lakini siku ya kumlipa fundi wa kuvipanga huona ni gharama ya bure. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Watu hawaendi ukumbini kusikiliza mvumo. Huenda kusikia neno. Yule mzee alikuwa na neno, na mpaka leo sisi wa meza za nyuma hatujui lilikuwa lipi.