Dagaa wa Kigoma wafaa kwa makaroni ya kuoka

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MAKARONI ya kuoka pamoja na kamba, ngisi au pweza ni chakula chenye asili ya Italia. Kwa familia za Kasulu na Kibondo, zilizo zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara kutoka Bahari ya Hindi, huonekana kuwa ni chakula cha hotelini. Hata hivyo, kinaweza kupikwa nyumbani kwa dagaa wa Ziwa Tanganyika na jiko la mkaa, bila oveni.

Faida yake si ladha peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa, hivyo humpatia mtoto protini na madini ya chokaa kwa pamoja.

Kwa watu sita yanahitajika makaroni nusu kilo, dagaa wakavu vikombe viwili, nyanya nne, vitunguu viwili, maziwa nusu lita, mayai mawili, unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula na mafuta ya kupikia. Mawese nayo yanafaa.

Kazi ya kwanza ni kuchagua dagaa. Walioanikwa juu ya chanja huwa na mchanga kidogo kuliko walioanikwa chini. Wanaonuka uchachu au wenye wadudu wasinunuliwe. Watolewe vichwa, waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mpaka maji yasibakize mchanga, wakaushwe, kisha wakaangwe pamoja na vitunguu na nyanya. Chumvi iongezwe baada ya kuonja.

Anayepata migebuka mibichi aichemshe kwanza na kuondoa miiba yote, hasa kama walaji ni watoto.

Makaroni yachemshwe na kuepuliwa yakiwa bado magumu kidogo katikati, kwa kuwa yatamalizia kuiva wakati wa kuoka. Katika nyanda za juu maji huchemka chini kidogo ya nyuzi joto 100, hivyo muda ulioandikwa kwenye pakiti huenda usitoshe. Kuonja ni bora kuliko kutazama saa.

Mchuzi mweupe hupatikana kwa kukaanga unga katika mafuta kwa moto mdogo, kisha kumimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga ili usifanye madonge. Ukishapoa kiasi, changanya mayai yaliyopigwa. Yakitiwa katika mchuzi wa moto yataganda.

Paka mafuta sufuria nzito, panga makaroni, dagaa na mchuzi kwa tabaka, kisha nyunyiza chenga za mkate mkavu juu. Funika kwa kifuniko bapa cha bati. Weka makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama inavyofanyika katika kuoka keki. Moto mwingi chini huunguza makaroni kabla ya juu kukauka. Baada ya dakika 25 hivi, juu huwa na rangi ya kahawia.

Jiko liwekwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu gesi itokayo kwenye mkaa yaweza kuua katika chumba kilichofungwa. Pasipo na jokofu, chakula chote kiliwe siku hiyo hiyo.

Inafaa pia kuweka akiba ya dagaa wakavu katika chombo kinachofungwa vizuri. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wazaliane. Katika kipindi cha namna hiyo, mwenye akiba nyumbani ndiye anayeendelea kupika.