Pikipiki ya zamani inatengenezwa lupangoni: angalia afya ya nyumba



Pikipiki kubwa ya safari haifi haraka ikipata mwenye kuitunza. Tuchukue mfano wa BMW R 75/5, iliyotengenezwa Berlin kati ya 1969 na 1973. Silinda zake mbili zimelala, moja kushoto, moja kuume. Haina mnyororo, na mtu mwenye funguo nzuri na uvumilivu anaweza kuitengeneza mwenyewe katika lupango. Lakini kwenye dispanseri hatupokei wale tu walioanguka barabarani. Tunapokea pia wale ambao pikipiki imewaumiza ikiwa imesimama.

Mota ikitembea vibaya, tafuta kwanza upande ulio mgonjwa. Usiweke mkono kwenye bomba la moshi! Washa mota dakika moja, kisha tia matone ya maji juu ya kila bomba. Upande ambao maji hayachemki ndio wenye ubaya. Badilishanisha buji mbili: ubaya ukihamia upande wa pili, buji imekufa, ukibaki palepale, angalia karbirateri ya upande ule. Pande zote mbili zikikataa pamoja, fikiri platine, kwani ni moja tu kwa silinda zote mbili. Nafasi yake iwe milimita 0.35 mpaka 0.40. Kabla ya kufungua kifuniko cha mbele, toa waya wa minus kwenye bateri. Fundi mwenye haraka anaunguza vyombo vya kuchaji umeme, na bei yake utailipa wewe. Valvu zipimwe mota ikiwa baridi: 0.15 ile ya kuingiza, 0.20 ile ya kutoa moshi.

Sasa esansi. Ikikaa miezi mingi ndani ya tanki inaacha gundi kwenye karbirateri, basi ni lazima kuitoa. Wengi wanaingiza tiyo na kuvuta kwa mdomo. Kijana mmoja aliletwa kwetu jioni, anakohoa, mdomo unanuka esansi. Nyumbani walikuwa wamemnywesha maziwa na kumtia kidole kooni ili atapike. Walimpenda, lakini walizidisha hatari. Esansi kidogo sana ikipita njia ya hewa inachoma mapafu, na kutapika kunaipitisha mara ya pili. Alilala hospitalini siku sita.

Mtu akimeza esansi, musimpe maziwa, musimtapishe. Mumvue nguo zilizolowa, mumlete mara moja hata kama kikohozi ni kidogo, maana homa na kukosa pumzi vinaweza kuja saa kadhaa nyuma. Na kwa R 75/5 hakuna sababu ya kuvuta: tanki lina robine mbili chini. Toa tiyo, weka bidoni, fungua. Si chupa ya limonade! Mtoto anaijua chupa ile, atakunywa.

Freni zake, mbele na nyuma, ni za tamburi. Viatu vya freni vya miaka ile vilikuwa mara nyingi na amianti. Ukifungua, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa, wala usipige brashi kavu. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa na kitambaa kilicholowa, kisha kifunge ndani ya sashe na kukitupa. Ugonjwa wa amianti unakuja miaka 20, 30 ao zaidi nyuma. Ndiyo sababu watu hawauogopi. Mama anayekung'uta nguo za kazi anavuta vumbi lilelile.

Mota isiwashwe ndani ya chumba, hata usiku wa mvua. Moshi wake una gesi isiyo na harufu: kichwa kinauma, usingizi unakuja, na mtu haamki.

Neno moja kwa wanaotoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, karibu kilometa 300. Pine inaweza kuonekana mpya na kumbe imezeeka. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2314 maana yake juma la 23 la mwaka 2014. Zikiwa tatu tu, pine ile ilitoka fabriki kabla ya mwaka 2000. Itoe, watoto wafanyie bembea.