Sura ya Tatu: Sifuri na Moja Mikononi mwa Mwanafunzi

Elektroniki ya kidijitali ni taaluma ya saketi zinazotambua hali mbili tu, sifuri na moja. Msingi wake wa kihisabati uliwekwa na George Boole mwaka 1854, na Claude Shannon akaonyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1937 kwamba hesabu za Boole zinaweza kutekelezwa kwa swichi za umeme. Haya yote hukaririwa darasani, lakini hueleweka mwanafunzi anaposhika waya mwenyewe.

Maabara ya somo hili haihitaji umeme mwingi, jambo lenye uzito katika West Nile nchini Uganda, eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na mtambo mdogo wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5. Volti 5 za chaja ya simu zinatosha jijini Arua, ambako Chuo Kikuu cha Muni kilianzishwa mwaka 2013, kama zinavyotosha katika kibanda cha fundi simu mjini Koboko.

Mfano mzuri wa zoezi ni pampu inayopaswa kufanya kazi iwapo tangi halijajaa na kisimani mna maji. Chipu ya 74LS00 ina miguu 14 na malango manne, lango likiwa ni saketi inayotoa jibu moja kutokana na ishara zinazoingia. Kila lango la chipu hii hutoa sifuri pale tu ishara zote mbili zinapokuwa moja. Kwa hiyo taa ya LED, inayowakilisha pampu, ikiunganishwa kati ya volti 5 na mguu wa jibu kupitia rezista ya omu 470, huwaka masharti yote mawili yanapotimia.

Somo kubwa zaidi huja waya mmoja wa kuingiza ishara unapochomoka na taa ikaendelea kuwaka. Mita ikiwekwa kwenye mguu huo husoma takriban volti 1.5, ilhali chipu hii huhesabu sifuri chini ya volti 0.8 na moja juu ya volti 2. Hapo mwanafunzi hutambua kwamba mguu ulioachwa wazi si sifuri, na kwamba sifuri na moja ni viwango vya volti vyenye mipaka.

Kosa la volti 5 halihatarishi uhai wa mtu. Hasara yake kubwa ni chipu moja. Kwa hiyo mwalimu asiharakishe kusahihisha, bali amwachie mwanafunzi apime, atafute na kurekebisha mwenyewe.