Tungeanza na Mbu

Katika mtaala wa 8-4-4 wa Kenya, ambao sasa unaelekea ukingoni, mtoto hukutana na mageuko kwanza kwenye Historia. Akiwa Kidato cha Kwanza anapewa maelezo matatu ya asili ya binadamu: uumbaji, masimulizi ya jadi na mageuko. Anayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha anangoja hadi Kidato cha Nne ndipo Bayolojia imweleze mageuko hutokeaje. Kwetu Uganda, anayetaka kuichimba mada hii sharti afike Senior ya tano na ya sita, tena awe amechagua Bayolojia.

Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Dabani. Jioni huwafundisha watoto wa pande zote mbili za mpaka, na swali lao halibadiliki: "Mwalimu, mbona nyani wa leo hawageuki watu?" Hakuna mwanasayansi aliyesema wanageuka. Kinachosemwa ni kwamba sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja wa zamani sana. Lakini mtoto aliyeanzia kwa nyani ameshasikia matusi, na masikio yamezibwa.

Ndiyo maana mimi huanza na ugonjwa wa sikoseli, kwa kuwa hapa kila mtaa unaijua. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini humo. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, wenye jeni ya sikoseli walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii. Nyanda za juu kwenye baridi hawakufika hata asilimia 1. Jibu lilikuwa mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Kwa hiyo penye malaria nyingi, jeni ile ile inayoua wengine iliokoa wengi zaidi, ikaendelea kurithishwa. Hayo ndiyo mageuko, na hatujamtaja nyani.

Kisha nawauliza ile dawa ya malaria, klorokwini, ilikwenda wapi. Wazazi wao waliinywa, na uchungu wake wanaukumbuka. Mwaka 2004 Uganda iliamua kuiacha na kuchukua dawa mseto zenye atemisinini, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa havifi tena. Dawa haikuvifundisha ukaidi. Iliua vilivyo dhaifu, vichache vilivyokuwa na kinga vikabaki na kuzaana. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vimelea vinavyoanza kuihimili hata atemisinini.

Wapo wazazi wanaouliza kama namfundisha mtoto wao kumkana Mungu. Hofu hiyo si ya Dabani peke yake. Mwaka 2006 Askofu Boniface Adoyo aliongoza viongozi wa makanisa kupinga jumba la makumbusho la Nairobi kuyapa mabaki ya binadamu wa kale nafasi ya mbele. Miongoni mwa mabaki hayo ni mifupa ya kijana wa Turkana, ya miaka kama milioni 1.5, aliyoigundua Kamoya Kimeu mwaka 1984. Wakatoliki, ambao hapa ni wengi, mimi huwaambia kwamba mwaka 1950 Papa Pius XII hakuzuia wasomi kuchunguza mageuko ya mwili, mradi roho iaminiwe kuumbwa na Mungu. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II akasema kwamba nadharia hii imekwisha kuwa zaidi ya dhana.

Waandishi wa mitaala wa Kampala na Nairobi wangeweza kupanga upya sura zao: sikoseli na dawa zilizoshindwa zije mapema, mafuvu yafuate. Wengi wa watoto wetu huishia Senior ya nne, wakaenda kuuza dagaa au kubeba mizigo mpakani. Ni hao hao watakaoamua kama dozi imalizwe au iachwe katikati, na kama wachumba wapime damu kabla ya ndoa, maana wawili wenye jeni ya sikoseli, kila mimba yao ina uwezekano wa moja kwa nne wa kumzaa mtoto mgonjwa. Somo linalowangoja Senior ya tano haliwafikii.